Daftari la Bei za Nguo na Viatu: Mwongozo kwa Atakaye Kuzifuatilia kwa Uadilifu

Mtu atakaye kupima hali ya maisha katika nchi aghalabu huanza kwa kuulizia unga, mchele na mafuta ya kupikia, na hapana wa kumlaumu kwa kuanzia huko, kwani njaa haina subira. Lakini binadamu hali tu, huvaa pia, na nguo ndiyo sitara yake mbele za watu, ndiyo imwezeshayo mtoto kuingia darasani bila ya kuona haya na mama kuhudhuria msiba wa jirani akiwa na staha yake, hata ikawa mzazi aliyeshindwa kununua jozi moja ya viatu mwezi wa Januari huona uchungu usiopungua ule wa kukosa chakula cha jioni. Kwa ajili hiyo nimeuandika mwongozo huu, nikimkusudia katibu wa chama cha wafanyakazi anayejiandaa kudai nyongeza ya mishahara, mwenye duka la vitambaa, fundi cherehani, mwalimu wa hesabu, na kila mwenye kutaka kujua kwa yakini kama nguo zimepanda bei au zimepanda katika mazungumzo tu.

Jambo nitakalolirudia tena na tena ni kwamba katika nguo na viatu sifa za kitu huandikwa kwanza, na bei yake huandikwa baadaye. Kilo ya sukari ya mwaka jana na ya mwaka huu ni kitu kimoja, na atakayezilinganisha hakosei sana. Ama shati la mwaka jana na la mwaka huu yamkini yanashirikiana jina tu, kitambaa cha moja kikiwa pamba tupu na cha pili mchanganyiko, kola ya moja ikiwa imeshonwa mara mbili na ya pili imebandikwa, na mwenye kuandika "shati, shilingi 15,000" kisha "shati, shilingi 18,000" hajaandika kupanda kwa bei, bali ameandika majina mawili na tarakimu mbili.

Kabla ya kufungua daftari lako mwenyewe, ijue kwanza hesabu ya serikali. Kwa Tanzania Bara, Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza kila mwezi Fahirisi za Bei za Taifa za Mlaji, ambazo mwaka wake wa kizio ni 2020, yaani bei za wastani za mwaka huo zimefanywa kuwa 100, na kapu lake lina bidhaa na huduma 383 zinazofuatiliwa katika miji ya mikoa 26. Zanzibar inayo hesabu yake yenyewe, chini ya Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Katika kapu la Bara kila kundi limepewa uzito, nao si kitu ila sehemu ya fedha ambazo kaya huzitumia kwa kundi hilo katika kila shilingi 100 za matumizi yake; na kundi la mavazi na viatu, kwa utafiti wa matumizi ya kaya wa 2017/18, lilipata uzito wa 10.8, likawa la nne baada ya chakula, makazi na usafiri, ilhali katika kapu la kizio cha 2015 uzito wake ulikuwa 8.3.

Uzito huo usiupite upesi, maana ndani yake mna maelezo ya mambo mengi yanayowatatiza wasomaji wa magazeti. Kenya iliwahi kulipa kundi hili uzito wa 7.43, kisha ilipobadili kapu lake na kukifanya Februari 2019 kuwa kizio chake, uzito ukashuka mpaka 3.03. Sasa chukulia kwamba nguo na viatu vimepanda kwa asilimia 5 katika nchi zote mbili kwa wakati mmoja: kwa uzito wa Tanzania kupanda huko kutauongezea mfumuko wa bei wa jumla kiasi cha nukta 0.54, na kwa uzito wa Kenya kiasi cha nukta 0.15 tu, ingawa mama anayenunua sare Tanga na mwenziwe anayenunua Mombasa wameongezewa mzigo ule ule dukani. Atakayetazama mfumuko wa jumla peke yake, bila ya kushuka mpaka kwenye safu ya mavazi, atadhani upande mmoja hali ni mbaya na upande wa pili hali ni shwari.

Na uzito huchakaa. Uingereza ilianzisha mwaka 1914 fahirisi ya gharama za maisha ya watu wa kazi, ikaijenga juu ya matumizi ya kaya yaliyochunguzwa mwaka 1904, na ikaendelea nayo hata 1947, ambapo vita viwili vikuu vilikuwa vimekwisha na watu walikuwa hawali wala hawavai tena kama walivyokula na kuvaa babu zao. Kwa hiyo kila usomapo tarakimu ya mwezi, ulizia pia ni kaya za mwaka gani zilizosema kwamba fedha zao huenda wapi.

Baada ya uzito, ujue mipaka ya kundi, kwa sababu watu wengi huingiza humo visivyokuwemo na kuviacha vilivyomo. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha matumizi, ambao nchi zetu zinaufuata, huweka katika mavazi vitambaa vya jora vinavyonunuliwa kwa ajili ya kushonwa, nguo zilizo tayari, kofia, mikanda, tai na mitandio, kisha ujira wa fundi cherehani, malipo ya dobi na malipo ya nguo za kukodiwa, kama joho la bwana harusi. Na katika viatu huweka viatu vyenyewe pamoja na ujira wa fundi anayevishona na kuvitia soli. Mashuka ya kitanda, taulo na mapazia hayamo, yapo pamoja na vyombo vya nyumbani. Saa, vito na mikoba vimo katika kundi jingine. Hata viatu vya njumu vya mpira wa miguu vimehesabiwa na mambo ya michezo. Ujira wa fundi ndio unaosahauliwa zaidi, na kwetu sisi ni kosa zito, kwani nchi ambayo vitenge hununuliwa kwa yadi na kupelekwa barazani kwa fundi haiwezi kujua gharama ya gauni kwa kutazama bei ya kitambaa peke yake.

Sasa fungua daftari. Usitake kukusanya kila kitu, chagua vitu vichache vinavyonunuliwa na watu wengi mwaka mzima, baina ya kumi na ishirini, na kila kimoja ukipe ukurasa wake wenye sifa kamili. Kwa kanga, andika kwamba ni doti, yaani vipande viwili visivyokatwa. Andika kama ni pamba tupu au imechanganywa na polista. Pima urefu na upana wa kila upande kwa utepe wa fundi. Andika kiwanda na nchi kama pindo linaonyesha. Kisha ishike nguo mbele ya mwanga utazame uzito wa ufumaji, maana kanga inaweza kubaki na bei ile ile miaka miwili huku ikipungua upana na kuwa nyepesi kama shashi, na huko ni kupanda bei kulikojificha. Kwa viatu vya shule vyeusi, andika namba ya mguu, kama ni ngozi au ngozi ya bandia, na kama soli imeshonwa au imegandishwa kwa gundi. Kwa sare, andika shati na kaptura au sketi mbali mbali, umri wa mtoto, aina ya kitambaa, na kama nembo ya shule imo katika bei au inalipiwa peke yake. Kanzu, kandambili, raba, suruali ya jinzi, buibui, chupi na soksi, vyote viandikwe kwa namna hiyo, mpaka mtu mwingine ambaye hakuwa nawe aweze kuingia sokoni na daftari lako akakuta kitu kile kile ulichokiona wewe.

Bei ya kuandika ni ile iliyolipwa, wala si ile iliyotajwa. Katika maduka yenye vibandiko vya bei jambo hili ni jepesi, lakini Kariakoo, Darajani, au Mtaa wa Biashara wa Mombasa, muuzaji hutaja kima chake, mnunuzi naye hutaja chake, na bei hukatwa katikati baada ya maneno mengi. Basi ukiuliza kwa kupita njia utapata bei ya mgeni. Njia iliyo bora ni kusuhubiana na wauzaji, kuwaeleza bayana kazi unayoifanya, na kuwauliza doti ya mwisho iliyouzwa asubuhi hiyo iliuzwa kwa shilingi ngapi. Nimeona wauzaji wengi wakilijibu swali hilo kwa ukweli, kwani halimtaki muuzaji afichue faida yake. Rudi kwa wauzaji wale wale, wiki ile ile ya mwezi, na ikiwezekana siku ile ile, kwa sababu bei ya mwisho wa mwezi, watu wakiwa wamepokea mishahara, si bei ya katikati yake.

Mitumba inataka uangalifu wa pekee, na huku ndiko wengi wanakokata tamaa na kuiacha kabisa, ilhali kuiacha ni kuwasahau mamilioni ya watu wanaovaa kutoka humo. Katika masoko kama Karume la Ilala, Memorial la Moshi na Gikomba la Nairobi, nguo hufika zimefungwa katika mabelo, na saa belo linapofunguliwa wachaguzi wa kwanza huchukua zilizo bora kwa bei ya juu, kisha bei huteremka kadiri fungu linavyochaguliwa, mpaka zikabaki zile zinazouzwa kwa mnada chini. Wafanyabiashara wa Nairobi huziita za mwanzo kamera na za mwisho fagia. Kwa hiyo shati moja la mtumba linaweza kuwa na bei tatu katika juma moja, na hakuna iliyo ya uongo. Lifanye kila daraja kuwa kitu mbali: "shati la kiume la mikono mirefu, pamba, halina doa wala tundu, kola haijasuguka, siku ya kufunguliwa belo" liwe na ukurasa wake, na lile la siku ya tatu liwe na ukurasa mwingine. Chukua bei za mashati kadhaa ya daraja moja badala ya shati moja, kwa kuwa mtumba mmoja haufanani kabisa na mwenzake. Andika pembeni, nje ya hesabu, bei ya belo zima la kilo 45 la aina hiyo. Hiyo si bei ya mlaji, ila huonyesha mapema bei ya mlaji inakoelekea.

Itafika siku utakwenda dukani na kitu chako hakipo. Usifanye wanavyofanya wavivu, kuiandika tena bei ya mwezi uliopita, kwani ukifanya hivyo utakuwa umesema bei haikubadilika, nawe hukuiona, na baadaye kitu kipya kitakapoingia hesabu yako itaruka ghafla kwa kosa lako mwenyewe. Kama kitu kimekosekana kwa muda, kikadirie kwa mwendo wa vitu vinavyofanana nacho: ikiwa viatu vingine vya ngozi vimepanda kwa asilimia 2, nacho kipandishe kwa asilimia 2 mpaka kirejee. Kama kimeondoka moja kwa moja, tafuta cha kukirithi. Ukipata kilicho sawa kwa sifa zote zenye thamani, na tofauti ni rangi au mapambo tu, zilinganishe bei zao bila ya kusita. Ukipata kilicho tofauti, lakini vyote viwili viliwahi kuuzwa duka moja mwezi mmoja, basi tofauti ya bei zao mwezi huo ichukuliwe kuwa tofauti ya ubora, na mwezi unaofuata uanze kukifuata kile kipya peke yake. Na pale ambapo cha zamani kimekwisha kabla ya kipya kuja, pitisha makadirio ya wenzao kama nilivyoeleza, kisha kianzishe kipya. Lenye kukatazwa ni kulinganisha kiatu cha ngozi na kiatu cha plastiki kwa sababu vyote ni vyeusi na vyote huvaliwa shuleni.

Tukija kwenye kuhesabu, pana mtego ambao hata dola kubwa zimenaswa nao. Chukulia unafuata doti ya kanga kwa wauzaji wawili. Wa kwanza alikuwa akiuza shilingi 12,000 akapandisha mpaka 15,000, na wa pili alikuwa akiuza 15,000 akateremsha mpaka 12,000. Uwiano wa wa kwanza ni 1.25, wa pili ni 0.8, na ukizijumlisha na kugawanya kwa mbili unapata 1.025, yaani kanga imepanda kwa asilimia 2.5. Mwezi unaofuata kila mmoja akarudi kwenye bei yake ya mwanzo: hesabu hiyo hiyo itakupa tena 1.025, na ukiziunganisha hatua mbili utatangaza kwamba kanga imepanda kwa asilimia 5 na zaidi, ilhali hakuna shilingi hata moja iliyoongezeka baina ya mwanzo na mwisho. Hiyo ni njia ya Gian Rinaldo Carli wa Italia, ya mwaka 1764. Njia ya William Stanley Jevons, Mwingereza wa karne iliyofuata, ni kuzizidisha zile nisba na kuchukua kipeuo: 1.25 mara 0.8 ni 1, kipeuo cha pili cha 1 ni 1, na kanga haikupanda. Ukiwa na wauzaji watano, zidisha nisba zote tano na uchukue kipeuo cha tano. Simu yenye kikokotoo kamili itakufanyia. Uingereza mwaka 2010 ilibadili namna ya kukusanya bei za nguo, na papo hapo pengo likapanuka baina ya fahirisi yake ya rejareja, iliyokuwa ikitumia njia ya Carli kwa baadhi ya vitu, na fahirisi ya mlaji iliyokuwa ikitumia ya Jevons. Mwaka 2013 ile ya rejareja ikavuliwa daraja ya takwimu rasmi za taifa. Nguo ndizo zilizoufichua udhaifu huo, kwa kuwa ni miongoni mwa bidhaa ambazo bei zake huruka na kushuka sana.

Kisha yaangalie majira. Mwezi wa Januari husukumwa na sare, Desemba na Krismasi, na siku za mwisho za Ramadhani na nguo za Idd. Ukilinganisha mwezi na mwezi uliotangulia utaona mawimbi makubwa yasiyo na maana ya kudumu, na ndiyo sababu mfumuko hupimwa kwa kulinganisha mwezi huu na mwezi ule ule wa mwaka jana. Lakini kipimo hiki hakiioni Idd, kwa sababu mwaka wa mwandamo ni mfupi kwa siku kiasi cha kumi na moja: Idd el Fitri ya 2024 ilikuwa Aprili 10, na ya 2025 ikaangukia mwishoni mwa Machi, kwa hiyo manunuzi ya Idd ya 2025 yalimalizikia Machi, ilhali mwaka uliotangulia manunuzi yalimalizikia Aprili. Katika miji ya pwani, kwa miaka kama hiyo, ichukue Machi na Aprili pamoja, ufanye wastani wake, ndipo ulinganishe.

Unapoisoma fahirisi yenyewe, kumbuka kwamba nukta si asilimia. Ikiwa fahirisi ya mavazi ilikuwa 108 mwaka jana na mwaka huu ni 112, imeongezeka nukta 4, lakini kwa asilimia ni 4 gawanya kwa 108, yaani 3.7. Kosa hili nalikuta hata katika magazeti yenye heshima, nalo hukua kadiri fahirisi inavyozidi kuwa mbali na 100.

Sababu za kupanda zisitafutwe kwa kubahatisha. Tazama kima cha shilingi kwa dola, kwa kuwa sehemu kubwa ya vitambaa na viatu huletwa kwa meli. Tazama ushuru wa forodha, unaosomwa katika bajeti kila Juni. Na uipe bei ya rejareja muda, maana mwenye duka huuza kwanza shehena ya zamani. Rwanda mwaka 2016 iliongeza ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo mpaka dola 2.50, na Marekani ikaisimamishia mwaka 2018 fursa ya kuuza mavazi huko bila ya ushuru. Mtu aliyekuwa akifuata nguo mpya peke yake Kigali miaka hiyo asingeliona pigo lilivyowashukia wanunuzi wa hali ya chini, kwani lilianzia katika ukurasa ambao hakuufungua.

Serikali itakapobadili mwaka wa kizio, usizitupe tarakimu zako za zamani wala usizipange mpya chini yake kana kwamba ni mfululizo mmoja. Tafuta mwezi mmoja uliotangazwa kwa vizio vyote viwili, gawanya ya kale kwa mpya, na nisba utakayoipata uizidishe kwa kila tarakimu mpya.

Na hesabu yako ikitofautiana na ya serikali, usiharakishe kudai kwamba serikali imesema uongo, wala kwamba wewe umekosea. Tazama kwanza kama orodha zenu ni moja, kisha uzito mlioupa kila kitu, kisha mahali, kwani wewe umo katika mji mmoja na wao wamo katika mikoa yote, kisha wiki ya kukusanya, na mwisho namna mlivyovirithisha vitu vilivyotoweka. Ukiyapitia yote na tofauti bado ingalipo, lichukue daftari uende nalo kwa meneja wa takwimu wa mkoa wako, umfungulie ukurasa wa kitu kimoja tu mnachohitilafiana, mathalan viatu vya shule vya ngozi namba 38, na umwombe muusome pamoja ukurasa wako na maelezo ya sifa ambayo mdadisi wake huenda nayo sokoni.